Baunsa wa Shikamoo

Tangu Noah ya abiria itoke Ifakara, Ngusa alikuwa ameshusha kofia usoni. Kwenye kiti cha mbele yake, mama muuza mchele na kijana fundi baiskeli walikuwa wakiichambua filamu yake ya kwanza, iliyorekodiwa kwa simu, ambamo yeye alicheza kama baunsa wa disko.

"Baunsa gani anampa mlevi shikamoo kabla ya kumtoa nje?" mama aliuliza.

"Mlevi mwenyewe ana mvi, mama. Ulitaka amburute bila salamu?"

"Baunsa hana adabu, mwanangu. Yule hata kuku hamfukuzi."

Ngusa akaapa moyoni kushuka kimyakimya. Lakini walipofika kijiji cha Mbingu, alikokuwa anashuka, magoti ya yule mama yalikuwa yameziba njia, na malezi yakamshinda.

"Shikamoo, mama. Naomba kupita."

Mama akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Marahaba, baunsa."