Mama Kioo na Kitambaa cha Gurudumu la Kushoto

Ndugu waombolezaji, majirani, jamaa wa karibu na wa mbali, na ninyi wenzake wa pale kituo cha mafuta mliofunga kazi ili muwe nasi, familia imenikabidhi karatasi hii mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwita jina lingine zaidi ya Mama Kioo, na nikicheka katikati msinishangae, kwa sababu dada huyu ameondoka akiwa mwepesi wa moyo, na sisi tuliomwona alipokuwa amelemewa tunajua hilo si jambo dogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya mizigo, baba akiwa mpakiaji wa mabehewa na mama akiwa fundi cherehani, na tangu utotoni alipopewa sufuria aoshe hakuirudisha jikoni mpaka aweze kujitazama meno ndani yake, hata mama akalalamika kwamba mtoto huyu atazimaliza sufuria kwa kuzisugua, tubaki tunapikia hewani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971, ile iliyo ng'ambo ya reli, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1982, ambako alifanya vizuri katika kemia na vibaya sana katika kunyamaza, na mambo hayo mawili ndiyo yaliyompa riziki, kwani alipoajiriwa Februari 1984 kuosha magari katika maegesho ya hoteli moja, alimkuta msimamizi akimwaga dawa kali yenye asidi kwenye rimu za alumini zilizong'arishwa, nazo bado zina moto wa safari, akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba anaziunguza, akaambiwa ashike yake, na kabla ya saa ya chakula rimu zile zilikuwa na madoa meupe utadhani zimemwagiwa unga. Magurudumu yote akakabidhiwa yeye.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na fundi umeme, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, ambaye wakati wa uchumba alikuwa akileta gari la bosi wake lisafishwe rimu hata kama zilisafishwa jana yake, mpaka dada akamuuliza kama gari hilo linakula breki au ni dereva mwenye shida nyingine, naye akakiri hapo hapo kwamba ni dereva. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye leo ndiye mwenye banda, na mvulana aliye mwalimu, pamoja na wajukuu ambao alikuwa akiwadekeza bila aibu yoyote.

Banda lake mwenyewe, lile la mabati kando ya kituo cha mafuta, alilifungua Julai 1992, na waliopita pale wanajua kwamba mteja mwenye haraka alikuwa na kazi, kwa maana dada alisogeza kwanza kiganja karibu na rimu, akisikia joto anamtuma mwenye gari akanywe chai, na ilipopoa aliimwagia maji mengi kabla ya kuigusa, kwa kuwa vumbi la breki ni chembechembe za chuma, ukilisugua kavu unachora rimu mikwaruzo usiyoweza kuifuta, kisha sabuni laini kwa brashi na ndoo zisizogusa kitu kingine, kukausha, kung'arisha kwa mkono, na mwisho nta nyembamba, ili vumbi lijalo likose pa kung'ang'ania na liondoke kwa maji tu. Kabla ya kufungua kopo la nta alipitisha kitambaa katikati ya mikono ya rimu, akaifunika diski ya breki, kwani nta ikidondokea hapo breki hazishiki, na katika hilo hakuwa na mchezo hata kidogo, alishawahi kumfukuza ndugu wa damu aliyeruka hatua hiyo, na ndugu huyo ndiye ninayewasomea.

Sasa nifike mahali ambapo familia ilijadiliana kama pasomwe, tukakubaliana pasomwe, kwa kuwa wapo waliosikia nusu. Asubuhi ya tarehe 21 Juni 2009 mdogo wa mumewe, yule tunayemwita Shemeji Dereva, alifika bandani mbiombio na gari la tajiri wake, akitaka rimu ziwe safi kabla ya kuwachukua wageni, dada akamhudumia huku akiitwa huku na huku, gari likaondoka, na lilipofika kwenye mteremko wa sokoni halikusimama, likaingia kwenye ukuta. Tunashukuru kwamba hakuna mpita njia aliyeguswa, lakini Shemeji Dereva alivunjika mguu na kupigwa kichwa, na alipozinduka hakukumbuka chochote tangu alipovaa viatu nyumbani. Tajiri aliliondoa gari haraka, akaliuza kama chuma chakavu, na alipoulizwa na familia akasema mambo kama hayo hutokea.

Dada alipoletewa habari alikaa chini palepale alipokuwa, akajaribu kukumbuka magurudumu yote, akayakumbuka, isipokuwa la mbele kushoto, hilo hakukumbuka kama aliweka kitambaa. Alifunga banda siku hiyo, akampa binti yake funguo alipomaliza shule, yeye akaenda kufanya kazi ya stoo, na hakugusa rimu tena. Shemeji Dereva alirudi kwenye usukani akichechemea, akawa anakuja kumtania kwamba kama angetaka kumuua angetumia mchuzi wake, ambao una historia, lakini dada, mtu aliyekuwa akicheka mpaka jirani anagonga ukuta, hakucheka, wala hakukubali kupanda gari lolote ambalo shemeji huyo analiendesha, alikuwa tayari kutembea juani. Breki zikilia barabarani, sentensi yake ilikatika hapo hapo. Ilituuma sana kumwona hivyo, lakini nani angejua ukweli wa gurudumu lile?

Novemba 2022 alianza kuugua, vipimo vikaonyesha saratani ya ini, akalazwa mara kwa mara, na homa ilipopanda alikuwa akiuliza jambo moja tu, kama kitambaa kilikuwepo. Shemeji Dereva alimsikia siku moja akiwa kwenye zamu ya kumuuguza, akatoka wodini bila kuaga, na tangu hapo akawa anazunguka gereji moja hadi nyingine na fimbo yake, akimtafuta fundi wa tajiri aliyelifungua gari lile baada ya ajali, akielekezwa huku na kule, mpaka Machi 2023 alipomkuta kwenye duka la vipuri, amenenepa, anakunywa soda, hana habari kwamba kuna mtu duniani anamsubiri.

Fundi yule aliletwa wodini akiwa bado na aproni. Akaeleza kwamba mpira wa breki wa mbele kulia ulikuwa umepasuka kwa uchakavu, mafuta ya breki yakamwagika yote, kwamba alikuwa amemwonya tajiri kuhusu mipira hiyo zaidi ya mara moja akaambiwa isubiri mwisho wa mwezi, na kwamba alidhani familia iliambiwa zamani. Dada hakujali habari za upande wa kulia, akauliza, na kushoto je, na fundi akasema diski ya kushoto ilikuwa kavu, safi, haina hata tone, aliifungua kwa mikono yake na kuifunga kwenye gari lingine, likatembea miaka na kusimama kila lilipotakiwa kusimama.

Alimtaka fundi arudie, akarudia, dada akataka tena, kisha akageukia ukutani akalia, na alipotugeukia alikuwa anacheka, kile kicheko chenyewe, mpaka nesi akaja kuona kuna nini. Kisha akamzungumzia tajiri yule kwa maneno ambayo familia imeamua yabaki wodini.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani alikaa kiti cha mbele, Shemeji Dereva akiendesha, akimkosoa njia nzima kwamba anakanyaga breki kama anaua mende, na walipofika uani aliomba stuli, ndoo na kopo la nta, akasubiri gurudumu la mbele kushoto lipoe, akalisafisha peke yake taratibu, binti akishika maji tu, na kitambaa akakipitisha yeye mwenyewe, akakitazama sana kabla ya kuendelea. Aliaga dunia nyumbani, usingizini, alfajiri ya tarehe 3 Mei 2023, mumewe akiwa pembeni yake, na uso wake ulikuwa umetulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza na kuvumilia kelele zetu, majirani mliopika, mliofagia na mliokesha nasi, wenzake wa stoo na wa kituo cha mafuta, na fundi wa vipuri, ambaye ameketi nyuma kabisa ingawa tulimwekea kiti mbele.

La mwisho, leo asubuhi gari la kumbeba marehemu lilikuja na rimu nyeusi kwa vumbi la breki, na wenye gari wakatuhimiza tuondoke, lakini binti yake aliweka kiganja, akawatuma wakanywe chai, akaziosha, akazipaka nta, kitambaa kikiwa kwenye kila gurudumu, ndipo Shemeji Dereva akaomba ufunguo, akamwendesha dada mpaka hapa, kupitia mteremko ule ule wa sokoni. Tuliokuwa nyuma tulishika roho zetu mkononi, gari likateremka polepole, na pale chini, watoto wa shule wakivuka, likasimama.

Pumzika sasa kwa amani, dada yangu, breki zimeshika.