Mpima Maji wa Mto Wetu

Ndugu, majirani na wote mliofika, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Sentimita, na naomba mnivumilie nikikwama, maana nimezoea kusemewa na kaka, sikuzoea kumsemea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, nyumba ya tatu kutoka darajani, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi seremala na mkulima wa mboga, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya mto kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, ambako alijulikana zaidi kwa kumsahihisha mwalimu wa hesabu mbele ya darasa, na viboko vyake alivipata vyote.

Tarehe 2 Mei 1973 aliajiriwa na ofisi ya bonde la mto kuwa mpima maji, kazi ya kuteremka kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kusoma rula ndefu ya chuma iliyosimikwa chini ya daraja, na kuandika namba kwenye ubao wa lango la mfereji, kwani makubaliano yalikuwa kwamba maji yakifika sentimita sitini wakulima wa juu wanafungua mfereji wao, yakipungua hapo wanafunga, ili wa chini nao wapate.

Hili linalofuata aliagiza mwenyewe lisomwe, tena kwa sauti. Septemba 1975, akiwa amemchumbia binti wa mkulima wa chini na harusi imepangwa Disemba, kaka alinunua suruali mpya, akaona uchungu kuichafua, akawa anasoma rula akiwa amesimama ukingoni, na kwa siku tisa mfululizo alisoma mstari wa tope lililoganda kwenye chuma akidhani ndiyo maji, akaandika sitini na tano wakati mto ulikuwa hamsini na tatu. Wa juu wakafungua, mahindi ya wa chini yakakauka yakiwa yameanza kubeba, likiwemo shamba la baba mkwe mtarajiwa, na watu wote wakalilaumu jua. Siku ya kumi aliingia majini, akafuta rula, akaona alichokifanya, na angeweza kukaa kimya, lakini jioni ile ile alikwenda kwa yule mzee kueleza yote, akijua kabisa anaweza kurudi hana kazi wala mchumba. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Kupima unajua, kufuta tope hujui. Ngoja mwaka mzima, nione kama utajifunza."

Alingoja, jamani. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Disemba 1976, na kuanzia hapo shemeji yangu akimwona anarudi kutoka mtoni alimuuliza kabla hata ya salamu, "Umefuta tope?", na kwa miaka arobaini na saba sikuwahi kumsikia kaka akikasirika. Walijaliwa watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja, na katika nyumba ile hakuna aliyeruhusiwa kukadiria kitu, hata chumvi ya mboga. Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, akazawadiwa saa ya ukutani, na kesho yake alfajiri alikuwa mtoni, eti anapita tu, na kwa kuwa ofisi haikuleta mpima mwingine, ubao uliendelea kuwa wake.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2021, na miguu iliposhindwa ngazi za darajani, shemeji aliishika kazi, akawa anamletea namba kitandani. Jumanne tarehe 9 Julai 2024 alimletea sitini na moja, kaka akamtazama, akauliza, "Umefuta tope?" Shemeji alicheka, kwa sababu hakuwa amefuta, akarudi mtoni, akafuta, akakuta hamsini na nane, akaiandika ubaoni, na aliporudi nyumbani mwenzake alikuwa ameshatutoka. Anajilaumu kwamba hakuwepo. Shemeji, usijilaumu, alijua uko wapi na unafanya nini, na siku ile lango lilifungwa, wa chini wakapata maji yao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu kwa uvumilivu, majirani waliombeba na kiti chake mpaka barabarani, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya bonde, na wakulima wa juu na wa chini, mliochimba kaburi hili pamoja.

Kaka, asubuhi ya leo nimeshuka mimi, nimevua viatu, nimefuta tope, ni hamsini na sita. Lango limefungwa. Sasa pumzika kwa amani.