Kidole cha Mgonjwa

Basi halikujaa, na mbele yangu waliketi mtu na mdogo wake. Nilijifanya nasoma tangazo la mlango wa dharura, lenye maneno mawili tu.

"Dada, wapelelezi walitaka simu ya mwanao ili wawapate waliompiga," alisema mdogo. "Kosa lako liko wapi?"

"Alikuwa hajitambui. Nilimshika mkono kama mama anayemwombea, kumbe natafuta kidole gumba cha kufungulia simu. Waliompiga hawajapatikana. Rafiki yake ndiye aliyewekwa ndani, kwa meseji walizoandikiana."

"Basi mwambie ni wewe uliyeifungua."

"Anadhani ni askari. Siku hizi analala amekunja ngumi, na ananiomba mimi nikae nimlinde."

Basi likasimama kituo cha hospitali. Mkubwa hakuinuka, alikuwa ameikalia mikono yake.