Dakika Kumi na Moja Mtambo Ulipozimwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kiti chako nimekifuta vumbi mwenyewe. Ndugu Mkurugenzi wa redio yetu. Mafundi wakuu, mafundi wadogo na mafundi wa kujiita. Watangazaji, ambao Mungu amewapa sauti akaona inatosha. Ndugu wageni waalikwa, na ninyi mliokuwa mnapita zenu mkaona turubai mkaingia, ambao kwa hesabu yangu ndio wengi. Na mwisho, kwa kuwa ratiba imekuweka mwisho ilhali sherehe ni yako, wewe Mama Mita: habari za jioni.

Kwa wasionifahamu, mimi ndiye Fyeka. Nimefyeka nyasi za uwanja huu wa mnara miaka ishirini na sita. Shule niliishia darasa la nne. Mwalimu anasema niliikimbia, mimi nasema ilinichoka, na hatukuwahi kuelewana. Ratiba imeandika: "Neno kutoka kwa wastaafu, dakika tatu." Tulikuwa watu watatu wa kusema. Mmoja mgongo umemkamata, mwingine ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo dakika zao nimerithi mimi. Binti wa ratiba, usinionyeshe saa. Nimeiona.

Mnajua kwa nini nyasi za mnara hufyekwa? Mkurugenzi wa sasa, siku ya kwanza kufika hapa, alidhani ni urembo. Chini ya hizo nyasi kuna nyaya za shaba zimefukiwa, zimetawanyika kutoka mguu wa mnara kama mizizi, na kila jembe linalopita bila adabu linakata waya mmoja, ndiyo maana hapa tunafyeka, hatulimi. Nguvu za mnara huu si mchezo. Uzio ulioota kutu upande ule wa choo ulikuwa ukinong'ona taarifa ya habari, na mimi kwa masikio yangu nimesimama na fyekeo mkononi nikasikia bei za mazao kutoka kwenye waya. Siku ya kwanza nilitupa fyekeo nikakimbia. Mama Mita akatoka mlangoni, akaniuliza, "Unakimbia nini, kaka?" Nikamwambia uzio unaongea. Akasema, "Unaongea nini?" Nikamwambia mahindi yamepanda. Akasema, "Basi umesema kweli," akarudi ndani kwenye mita zake.

Huyo ndiye tunayemuaga. Miaka thelathini na mmoja anatazama mishale ya mita, hacheki nayo, haipigii kelele, na mshale ukipanda unywele mmoja tu yeye ameshainuka.

Sasa nitawaambia alichonifundisha, nanyi mafundi wakuu nikikosea mnyamaze, nitajikosoa mwenyewe. Mchana, sauti ya redio yetu inatambaa ardhini, na kitu kinachotambaa huchoka. Ikifika ng'ambo ya milima ile imeshaishiwa pumzi. Jua likizama, kule juu kunabadilika, sauti inapanda, inarudishwa chini, inaangukia mbali ambako hakuna aliyeialika. Na namba hii yetu, hii mnayoweka sindano kila asubuhi, si yetu peke yetu. Kuna kituo kingine, nchi nyingine, siku nzima kwa basi kutoka hapa, kina namba hiyohiyo. Mchana hatujuani. Jioni tunaingiliana majumbani. Zamani, kabla ya makubaliano, mlisikia wenyewe: kiongozi wetu anasema maandalizi yote yamekamilika, na sauti ya mtu wa kule inamjibu kwamba dakika tisini zimekwisha na hakuna goli.

Ndipo wakakubaliana. Kila jioni jua likizama, sisi tunashusha nguvu ya mtambo, na wao wanashusha, kila mmoja abaki na watu wake. Mama Mita akiwaita Jirani. "Ngoja nimpishe Jirani," ndivyo alivyokuwa akisema, anageuza swichi, mtambo unanyamaza sekunde sita, halafu unarudi na sauti ya chini. Jioni zaidi ya elfu kumi. Je, kuna hata mmoja wenu aliyewahi kumshukuru mtu kwa kushusha sauti? Watangazaji mnapewa vikombe kwa kusema. Huyu mama sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kupisha, tena kwa dakika yake, na kikombe cha kupisha sijakiona pale mezani.

Ndugu Mkurugenzi, sasa nakuja kwako, usihame kiti. Umesimama hapa muda si mrefu, umesoma faili lake, umesema kwa upole kabisa kwamba katika miaka yote hiyo ana "kosa moja tu, tena dogo, la kuzima mtambo bila ruhusa." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Kosa hilo ndilo lililomnyima cheo cha Fundi Mkuu mara tatu. Vijana watatu aliowafundisha kushika bisibisi wamekuwa mabosi wake, na wawili kati yao wako safu ya mbele, wanatazama viatu. Leo kadi ya kuagwa kwake imeandikwa Fundi Daraja la Pili. Kesho faili linafungwa, na likifungwa hakuna wa kulifungua. Kwa hiyo naomba nilisahihishe likiwa bado wazi.

Mama Mita ananikazia macho. Mnamwona? Hilo ndilo jicho la mshale uliopanda. Aliniapisha nisiseme. Nimetii miaka ishirini na mbili, na kwa mtu wa mdomo kama wangu huo ni ugonjwa.

Mwaka ule mdogo wangu, wa mwisho kwa mama yetu, alikuwa machimboni, nchi ya Jirani. Dereva wa basi akaleta habari kwamba shimo limeporomoka na watu wako chini. Mama akaacha kula. Nikaenda posta kupiga simu siku tatu mfululizo. Upande wa pili ililia tu. Siku ya nne Mama Mita akaniita, akasema, "Fyeka, jana nikishusha nguvu, kwenye zile sekunde sita nimemsikia Jirani. Wanasoma majina ya waliotolewa hai. Wamesema watasoma tena leo, wakati uleule, saa kumi na mbili na nusu."

Nikamwambia, "Dada, basi leo kaa kimya zaidi ya sekunde sita."

Akasema, "Siwezi. Mkurugenzi anahutubia saa hiyohiyo."

"Dakika kumi tu."

"Hata mbili. Kimya kingekuwa changu ningekupa. Hiki si changu."

Alisema sawa, na mpaka leo nasema alisema sawa. Mkumbuke nyakati zenyewe. Getini palikuwa na askari wawili wenye bunduki. Kuzima redio hakukuitwa kosa la kazi. Mtu angeulizwa anataka kupindua nani.

Jioni ikafika. Yeye akatoka, kama kawaida yake, kwenda kibanda cha chini ya mnara kusoma mita za huko kabla ya kushusha. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa hewani, anasema juu ya umuhimu wa kusikilizana. Mimi nikaingia chumba cha mtambo na mabuti yangu yaliyojaa nyasi, mahali ambapo hata kuchungulia sikuruhusiwa, nikabonyeza kitufe chekundu.

Naam. Ni mimi.

Hamjawahi kusikia kimya kama kile. Hata uzio ulinyamaza. Nikawasha kiredio changu cha mkono, sindano palepale kwenye namba yetu, na polepole, kama mtu anayepanda kutoka kisimani, akaja Jirani. Sauti ya mwanamke, inafifia, inarudi, anasoma majina.

Mlango ukafunguliwa. Mama Mita alikuwa amekimbia kutoka kibandani, kiatu kimoja hana. Akatazama mtambo, akatazama kitufe, akatazama mabuti yangu. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi ya kuwashia. Halafu akasikia jina linasomwa, na jingine, na jingine. Mkono ukabaki pale juu ya swichi. Akavuta kiti kwa mguu, akakaa.

Simu ya studio ikaanza kulia. Hakupokea. Majina yakasomwa, thelathini na manane, nimeyahesabu kwa vidole na mishono ya shati. La mdogo wangu halimo. Nikamwambia, "Washa, dada. Yamekwisha." Akasema, "Hajaaga huyo. Mtangazaji akimaliza huaga."

Kweli, hakuwa ameaga. Yule mwanamke akakohoa, akasema: yupo mwingine mmoja, hajitambui, hana karatasi wala wa kumtambua, mkono wa kushoto hana kidole gumba. Kesho kutwa atahamishwa mbali. Ndugu zake kama wanasikia, wawahi.

Ndugu wageni, kidole kile nilikikata mimi. Tulikuwa wadogo, tunachonga mkuki, na nilikuwa mjinga kama nilivyo sasa isipokuwa mfupi zaidi.

Mama Mita akaniuliza, "Amepatikana?" Nikasema, "Amepatikana." Akasema, "Haya, toka. Umeniletea nyasi." Akawasha mtambo, akavuta daftari la zamu, akaandika kwa mwandiko ule wake ulionyooka: "Saa 12:30 jioni, mtambo umezimwa na fundi wa zamu. Saa 12:41 umewashwa." Angeweza kuandika umeme ulikatika, kama tulivyofanya wote. Lakini kwake mtu hausingizii umeme. Na angeandika Fyeka, leo mngekuwa mnahutubiwa na mtu mwingine. Katika miaka thelathini na mmoja ameandika uongo mmoja tu katika daftari lile, na uongo huo ndio huu umesimama mbele yenu.

Mimi na mama tukapanda basi asubuhi. Tukamkuta. Yule pale, ndugu zangu, shati la bluu, anayemaliza biskuti za wageni. Mdogo wangu, inua mkono. Si huo. Wa kushoto.

Mwezi uliofuata Jirani waliandika barua kuuliza kulikoni, wakasema jioni ile namba ilikuwa nyeupe kabisa, wakadhani tumekufa. Mama Mita aliwajibu mstari mmoja: tuko wazima, tuliwapisha.

Sasa ombi. Ndugu Mkurugenzi, wewe hukuwepo, wala sikulaumu. Barua ya onyo iliyomo kwenye faili lake ilisainiwa na mtu aliyepoteza hotuba yake, nami nimeanza kumwelewa tangu niliposhika kipaza sauti hiki. Itoe. Na kadi ile ya kuagwa ichapwe upya, na neno Fundi Mkuu liwemo. Askari wako getini, wakinitaka nipo. Nawaomba tu waniache nimalize chai.

Na daftari la mwaka ule liko pale mezani, mmeliweka kati ya maua na keki kama kumbukumbu. Naomba kalamu. Wiki nzima nimekuwa nikifanya mazoezi, mjukuu wangu ananisahihisha. Chini ya mstari wake nitaandika: "Aliyezima ni mimi, mfyeka nyasi. Fundi alikuwa nje anasoma mita."

Mgeni Rasmi, ndugu wageni, nawashukuru kwa uvumilivu wenu. Mmenisikiliza zaidi ya dakika kumi na moja na hakuna aliyenizima. Asanteni kwa kunisikiliza.

Mama Mita, jua limegusa milima. Usinitazame mimi, itazame saa. Nenda kampishe Jirani, na leo, ukinyamazisha mtambo, sisi wote hapa tutanyamaza nawe.