Mwalimu Waitara na Kaa wa Kwenye Karai

Mwezi huu wa Desemba 1958 ukiisha, Mwalimu Simioni Waitara ataweka chaki chini baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha, kumi na tisa kati ya hiyo hapa shuleni kwetu, karibu na Morotonga. Wasifu huu alipaswa kuuandika mtu anayejua kuandika. Mimi nafundisha hesabu. Lakini wenzangu walisema nimekaa naye jirani muda mrefu, na kwamba nikikosea atanisahihisha kwa wino mwekundu kama alivyozoea.

Mwalimu Waitara alizaliwa Nyansurura, akachunga ng'ombe wa baba yake kabla hajashika kitabu. Alianza kazi katika shule ndogo ya misheni yenye paa la nyasi, ambako mvua ikinyesha darasa zima lilihamia upande mmoja. Alipohamia kwetu mwaka 1939 alikuja na mkewe, Efrazia, pamoja na sanduku la mbao na karai. Sanduku tulielewa. Karai hatukulielewa.

Kumbe lilikuwa la kaa. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya kijito, Mwalimu alishuka bondeni akitembea taratibu kama mtu anayesikiliza jambo ambalo wengine hawalisikii. Alirudi na kaa mmoja, akamweka ndani ya karai la maji pamoja na jiwe la kujifichia, akaliweka dirishani pa darasa. Sisi ni watu wa maziwa na ulezi. Kaa tulimjua kama kitu kinachobana kidole cha mguu ukivuka maji, basi. Wazazi walipita wakichungulia na kuuliza kama Mwalimu amekosa mboga.

Halafu asubuhi moja mpishi wetu, Kisyeri, aliyekuwa akibadilisha yale maji, alimkuta kaa amekufa. Alimtoa kwa koleo la jikoni, akashangaa wepesi wake, akaenda kumzika nyuma ya jiko kwa heshima zote. Aliporudi kuosha karai akamkuta kaa yuleyule ametulia chini ya jiwe, amepauka, na amekuwa mkubwa zaidi. Tulimwona Kisyeri akikatiza uwanja mbio, aproni ikipepea, akipiga kelele, "Nimemzika! Haki ya Mungu nimemzika!" Mimi nilipanda juu ya meza ya walimu. Nilikuwa mwepesi siku hizo.

Mwalimu hakucheka. Alimwomba Kisyeri afukue kile alichozika, akakileta darasani kwenye kiganja. Lilikuwa gamba tupu, kamili, lenye miguu yote na hata vifuniko vya macho. Siku ile alifundisha somo ambalo wanafunzi wake wote, ambao sasa wengine ni matabibu na makarani, hulikumbuka mpaka leo.

Alisema kaa hakui kama ndama. Gamba lake halitanuki. Mwili ukijaa ndani, hana budi kulitoka. Basi huacha kula, hujificha, na gamba jipya, jembamba kama utando wa maziwa, huanza kujitandika chini ya lile kuukuu. Siku ikifika, gamba la zamani hupasuka kwa nyuma, naye hutoka kinyumenyume, akivuta mguu mmoja baada ya mwingine kama mtu anayevua shati lililolowa. Hutoka laini kama ugali wa moto. Hapo hunywa maji mpaka avimbe, ili gamba jipya likauke likiwa na nafasi ya kukulia. Kisha hungoja. Chokaa iliyomo mwilini na majini humkaza polepole, na mara nyingi hula gamba lake la zamani ili asiipoteze chokaa yake. Wakati huo wote hana silaha. Ukimbonyeza, alisema Mwalimu, alama inaweza kukauka pamoja naye.

Wanafunzi wa mbele walikuwa wamekwisha kunyoosha vidole kumgusa kaa. Wote wakavirudisha.

Kutokana na somo hilo shule ilipata desturi yake. Zamani wanafunzi wapya walipokelewa kwa kejeli na makonzi. Mwalimu Waitara aliwauliza wakubwa kama huko kwao kijana aliyetoka jandoni, kidonda kikiwa kibichi, huchezewa na mtu. Wakainamisha vichwa. Tangu hapo tuna Wiki ya Gamba Laini: mgeni hachekwi, hatumwi wala haguswi mpaka wiki yake ya kwanza iishe. Shule za jirani zimeiga, ingawa zinadai wazo ni lao.

Sasa nifike penye ugumu, naye Mwalimu anisamehe, maana jambo lenyewe kila mtu hapa analijua. Taarifa ya kustaafu ilipokuja, alikataa kuondoka. Hakukataa kwa mdomo. Alisema tungoje mvua ikatike. Ikakatika. Akasema tungoje mahindi. Mwishowe alimwomba Mwalimu Mkuu, Joram Matiko, abaki kuwa mtunza bustani bila mshahara, mradi asitoke katika ile nyumba. Marehemu Efrazia aliishi humo na kufia humo. Mlango wake aliupaka rangi ya buluu kwa mkono wake. Jioni Mwalimu alikaa mbele ya mlango huo, karai miguuni, akiyatazama maji mpaka yakawa na rangi ya mbingu. Mwalimu mpya anakuja Januari na watoto wake.

Basi tukamjengea nyumba. Jumamosi baada ya Jumamosi, walimu, wazazi na wanafunzi wa zamani tulikwenda Nyansurura, kwenye kiwanja chake. Mimi nilipewa kazi ya kupima pembe, na ndiyo maana sebule inaelemea kidogo upande mmoja. Kina mama walikandika kuta, togwa ikazunguka, nyimbo zikaimbwa. Jumamosi ya mwisho Mwalimu alikubali kuja kutazama tu. Alizunguka nyumba, akasimama penye nafasi ya mlango, akaweka kiganja ukutani, kwenye udongo mbichi, kama mtu apapasaye shavu la mtoto.

"Mwalimu, usiguse!" Kisyeri akamkemea toka kwenye dari, tope mpaka masikioni. "Bado laini hiyo! Alama itabaki!"

Mwalimu akautazama mkono wake. Akaanza kucheka, taratibu, kisha kwa nguvu mpaka akaketi chini na kufuta macho. Alisema iachwe, ibaki. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, kama anaweza kuja na ule mlango wa buluu. Mwalimu Mkuu alimwita fundi siku ileile. Mwalimu mpya atapata mlango wa mbao mpya. Ule wa zamani utakwenda na mwenyewe, kama chokaa ya kaa.

Asante, Mwalimu, kwa miaka yote hii na kwa kutufundisha kungoja. Karai tumekuwekea kwenye mzigo, na kaa wako wa mwisho amerudi kijitoni. Nyumba yako ikauke vizuri, na maisha yako ndani yake yawe na nafasi ya kukua. Wiki ya kwanza hatutakuja. Ni haki yako. Ya pili tutakuja wote, na hapo tutakucheka.