Pole ya Daktari Pole

Wasikilizaji wapendwa, leo tukae na mtu mmoja. Ametutoka wiki hii kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa daktari wa zahanati, na wagonjwa walimwita Daktari Pole.

Jina hilo alilipata kihalali. Kabla hajagusa kidonda, aliweka kalamu chini, akamtazama mgonjwa usoni, akasema, "Pole." Mara moja tu. Watu walianza kupata nafuu hata dawa hawajameza.

Kisha ikaja akili bandia. Wagonjwa waliuliza maswali kwa simu, mashine ikatunga majibu, yeye akayasoma na kubonyeza "tuma". Ilikuwa imefundishwa kwa maneno yake, basi kila jibu lilianza na pole. Tusiionee, ilisaidia watu. Ila siku moja mzee na ndevu zake aliingia ameshika simu. "Daktari, umeniandikia 'pole sana, mama yangu'. Nimezaa lini?" Walicheka hadi machozi. Mzee alipotoka, daktari hakucheka tena.

Akamwomba mkuu wa zahanati amwachie ayaandike majibu mwenyewe, au walau pole itolewe. Mkuu akamwonyesha foleni, imefika getini. "Hiyo pole ndiyo wanayoipenda. Na ukikaa kuandika, hawa atawaona nani?" Muda uliookolewa na mashine ulishajazwa wagonjwa wengine. Alibanwa, wasikilizaji. Huku foleni, huku mashine, kidole chake kwenye kitufe.

Mkewe ametusimulia. Binti yao alibanwa kidole na mlango, baba akamkimbilia. "Pole, mwanangu." Mtoto, huku analia, akamjibu, "Sema nyingine, baba. Hiyo ni ile ya mashine, ya kwenye simu ya bibi."

"Tangu hapo neno hilo halikumtoka tena mdomoni," anasema mkewe. "Kazini alilituma mchana kutwa. Nyumbani akawa anatushika mkono tu."

Daktari Pole, kanyang'anywa pole. Inaniuma kulisema hili.

Tulitaka kuwasomea rambirambi zenu zilizoingia kwa ujumbe. Mjane ametuzuia. "Simu yangu imejaa pole. Sijui ipi imeandikwa na mtu. Anayetaka kunipa pole, aje aniambie."

Basi nawe unayesikiliza, jiulize: mara ya mwisho ulimpa nani pole ukimtazama usoni?

Mimi nimekuja. Nimeketi sebuleni kwao, na karatasi niliyoandikiwa nimeiweka chini. Mama, na wewe binti.

Pole.