Kwanza Mimi Anateremka kwenye Mtelezo

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, fundi mkuu wa michezo ya watoto katika bustani yetu ya jiji anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Ofisini ana jina lake kamili, lakini ukiliita getini hakuna atakayegeuka, na huenda hata yeye mwenyewe asigeuke. Sisi tunamwita Kwanza Mimi. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani tunamsema kwa uchoyo, kumbe kwenye chai ya saa nne yeye ndiye wa mwisho kushika kikombe, na mara nyingi hukuta birika tupu.

Jina limetokana na kazi. Kila asubuhi kabla lango halijafunguliwa, hukaa kwenye kila bembea, huzunguka na kila farasi wa mbao na kuteremka kila mtelezo, yeye mwenyewe, na ovaroli lake la bluu na spana mfukoni. Mtoto akitaka kukimbilia bembea ambayo haijajaribiwa, humzuia kwa mkono na kumwambia kwanza mimi, halafu wewe. Wazazi wengi wamesimama pale wakimshangaa mama mtu mzima anayebembea peke yake, uso mkavu kama wa mtu aliye kwenye foleni ya benki.

Mimi ninayeandika ni mtunza maua wa bustani hii, na nimegombana naye tangu wiki niliyoajiriwa. Yeye anataka watoto wakimbie, mimi nataka wapite njiani. Nadhani mkurugenzi amenipa kazi hii ya kuandika ukurasa wa kumuaga kwa kuwa anajua sitampaka mafuta.

Alikuja hapa akiwa binti, akitokea karakana ya mjomba wake aliyekuwa akichomelea madirisha na vitanda vya chuma. Aliitwa kutengeneza lango lililolegea, kibarua cha wiki mbili tu. Siku ya pili akamwona mama mmoja akimfuta mwanawe damu pajani. Skrubu ilikuwa imechomoza kwenye mtelezo. Akauliza nani huukagua asubuhi. Akajibiwa yupo mtu anayeutazama. Akasema kutazama hakutoshi, maana skrubu kama ile haionekani kwa macho, inaonekana kwa makalio. Ofisi nzima ikaangua kicheko, na kesho yake akaanza kazi. Lile lango, kwa taarifa yenu, bado limelegea.

Meneja wa wakati huo, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, alimkuta asubuhi moja akibembea, akaona huyu anakula mshahara wa bure. Akaketi kwenye bembea ya pembeni ili amkanye taratibu, kiutu uzima. Bahati mbaya hiyo ndiyo bembea ambayo fundi alikuwa bado hajaifikia. Mnyororo ukakatika katikati ya nasaha. Tunaambiwa meneja alibaki chini kwenye vumbi kwa muda, kalamu moja ikiwa bado mfukoni, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena kwa nini fundi anacheza kazini.

Miaka ikaenda, mwili ukaongezeka, mitelezo ikabaki na upana uleule. Yalipoletwa mabomba ya plastiki ya rangi, yale ambayo mtoto huingia juu na kutokea chini, yeye aliingia juu na hakutokea kokote. Tulimvuta miguu, mimi na karani wa tiketi, kwa msaada wa maji ya sabuni, huku basi zima la wanafunzi limeshafika na watoto wanashangilia kama wako mpirani. Alipotoka alijikung'uta, akaagiza bomba libadilishwe siku hiyo hiyo, maana kama yeye amekwama, basi na baba atakayemfuata mwanawe humo atakwama. Karani akiikumbuka siku ile mpaka leo hucheka akishika mbavu.

Familia zinazokuja kutembea mjini nazo zilimgeuza ofisi ya utalii. Akiwa na grisi mpaka viwikoni, aliwapangia siku nzima. Waanzie nyumba ya samaki, watoto wakiwa bado na nguvu za kushangaa. Jumba la makumbusho ni la saa sita, jua likiwa kali, na wasihangaike kusoma kila kibao, waende moja kwa moja kwenye mifupa ya nyangumi. Treni ndogo wapande behewa la mwisho, maana ndilo linalopinda vizuri kwenye kona. Chemchemi za maji ziwe mwisho kabisa, kwa sababu mtoto akishalowa, siku imekwisha. Nimewaona watu wazima, wenye ndevu zao, wakija kumshukuru kwa Jumapili moja ya utotoni.

Na Jumapili zenyewe zilikuwa Jumapili kweli. Watu walikuja na mikeka na chupa za chai, redio moja ikiwatosha majirani wote wa kivulini. Mpiga picha wa bustani alikuwa na kofia moja tu ya kuazimisha, na nathubutu kusema nusu ya watoto wa jiji hili wana picha wakiwa wamevaa kofia hiyo, imewafunika mpaka masikio. Siku hizi kila mtu anajipiga picha kwa simu yake. Simlaumu mtu, lakini naikumbuka ile kofia, na namkumbuka Kwanza Mimi akiwa mwembamba, akipita katikati ya mikeka ile na kuulizia watoto kwa majina yao.

Kitu alichokipenda kuliko vyote hapa ni mtelezo mkubwa wa bati, ule wa karibu na bwawa la bata. Aliteremka hapo alipokuwa mtoto. Akaja akamleta mwanawe wa pekee, naye akateremka hapo hapo. Miaka kadhaa iliyopita ulitolewa uamuzi kwamba ung'olewe ili papatikane maegesho ya magari. Yeye akapitisha maneno mtaa kwa mtaa kuwa yeyote aliyewahi kuchania nguo pale aje Jumamosi. Walikuja mpaka mabibi wenye mikongojo, na wawili walipanda. Maua yangu ya upande ule hayakupona, nikamnunia mwezi mzima, lakini mtelezo ulibaki.

Mwanawe huyo alihamia mbali kikazi, akaoa huko, akapata binti. Binti ana miaka saba, na kabla ya wiki hii alikuwa hajakanyaga hapa. Wamejuana kwa simu. Kila wakati wa mapumziko tulimsikia fundi wetu akimwita mke mwenzangu, akimwonya asije akamnyang'anya babu, na mazungumzo yakimalizika kwa ahadi ile ile: ukija, utateremka pale alipoteremka baba yako. Safari ikapangwa iangukie siku hizi za kuagana. Mtoto akachagua rangi nyekundu kwa simu, na bibi akaupaka mtelezo wote rangi hiyo, wiki mbili zilizopita, kwa mkono wake. Nimefanya naye kazi miaka mingi na sijawahi kumwona na furaha ya namna ile.

Jumatatu asubuhi akapanda kama kawaida yake. Kuna kitu alikisikia wakati anateremka, ambacho sisi wengine tusingekisikia. Akapanda tena. Halafu akaenda kwenye nguzo za juu, akakwangua rangi kwa bisibisi, na chuma kikamegeka kama biskuti. Kabla lango halijafunguliwa alikuwa ameshafunga mnyororo ngazini na kutundika kibao cha kukataza.

Mkurugenzi wetu, kwa huruma kabisa, alimshauri. Mtoto ni mwepesi, ateremke mara moja tu, sisi tusimame huku na huku tumshikilie, halafu mtelezo ufungwe moja kwa moja. Hakuna aliyeona ubaya. Hata mimi nilikubaliana na mkurugenzi, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Kwanza Mimi akakataa. Alisema kama haufai kwa mtoto wa mwenzake hauwezi kufaa kwa wa kwake, na akaomba asiulizwe tena.

Mjukuu alifika Jumatano. Alikimbia kutoka getini mpaka bwawani bila kumsubiri mtu, akakuta mnyororo. Akauliza nani kaufunga, na bibi akajibu kuwa ni yeye. Akajaribu kumwonyesha kutu, lakini mtoto aliiona rangi nyekundu inayong'aa, akamwambia bibi yake ni mwongo. Tangu hapo hukaa upande wa baba yake, na akitaniwa hugeuza uso. Kwanza Mimi hakumgombeza wala hakujitetea. Alishinda bandani siku ile akipanga zana ambazo zilikuwa zimeshapangwa, na tuliopita mlangoni tulijifanya hatujaona kuwa analia. Inaniuma kuandika haya kwenye ukurasa wa sherehe, lakini ingeniuma zaidi kuyaacha.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tangu wa getini mpaka wa bwawani, nasema asante. Katika miaka yote hiyo watoto walianguka hapa kwa utundu wao, kama watoto wanavyoanguka popote. Kwa uzembe wetu hawakuanguka, na sababu ni yeye. Mafundi wawili vijana aliowafundisha wataendelea na kazi, na wameshaambiwa kwamba kutazama hakutoshi.

Sasa naomba ruhusa niseme na mtu mmoja, kwa kuwa ukurasa huu utasomwa kwa sauti na yeye atakuwa amekaa safu ya mbele. Mjukuu wetu, Jumatatu ile nilikuwa namwagilia maua karibu na bwawa, na niliona kitu ambacho bibi yako hatakuambia. Alishuka kwenye ule mtelezo mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anakagua. Mara ya pili, nadhani, alikuwa anaomba awe amekosea. Mara ya tatu alikuwa ameshakwangua rangi na ameshajua, hakuwa na haja yoyote ya kupanda, tena kwa magoti yale. Akapanda. Alikaa pale juu muda mrefu, akaizungusha mikono yake mbele ya kifua kama mtu aliyempakata mtoto, akashuka polepole huku akisema na mtu ambaye mimi sikumwona. Ile ilikuwa zamu yako. Aliona si salama kukupandisha, akakushusha kwa namna aliyoweza.

Kwanza Mimi, dada yangu na mgomvi wangu, tunakutakia mapumziko marefu, magoti yasiyouma, na mjukuu wa kukaa naye ubavuni.